Kipande cha Nyuma ya Kabati

3 Juni

Mdogo wangu,

"Rangi ni rangi tu, dada. Hilo duka lenu limekuuzia maneno, na wewe kwa kuwa unaandika magazetini unadhani unajua kila kitu, hadi rangi."

Hayo ni maneno yako, sijaongeza hata nukta. Uliyabandika juu ya ndoo uliyonirudishia. Nimeyasoma nikiwa nimesimama, nikayasoma tena nikiwa nimekaa, na katika mikao yote miwili ni upuuzi. Ingekuwa rangi ni rangi tu, ndoo ingebaki huko na kuta zingekuwa zimeshapakwa. Mtu anayeamini hivyo harudishi ndoo.

Nikukumbushe kesi yenyewe, maana naona unajitia hamnazo. Mama yuko kwangu tangu alipopasuliwa macho. Anataka kurudi kwenye nyumba aliyoijenga na baba, ambayo leo mnaishi wewe, mkeo na watoto. Kabla ya kurudi ameomba kitu kimoja: chumba chake kipakwe rangi. Ukuta wa kichwani mwa kitanda una ile karatasi ya kijani yenye majani madogo, aliyoibandika kwa mkono wake. Huo hataki uguswe. Kuta tatu zilizobaki zipakwe rangi inayolingana na karatasi. Huko kwenu hakuna duka la kuchanganya rangi, kwa hiyo ulinitumia kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kiganja, nikaenda nacho dukani hapa.

Sasa sikiliza. Sikumwachia mchanganya rangi kipande nikaenda zangu. Nilisimama. Alichanganya, akapaka kwenye kibao, akakikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, akakilaza kipande chako juu yake. Kipande kikapotea. Ukiacha yale majani madogo, usingejua karatasi inaishia wapi na rangi inaanzia wapi. Mwenyewe akacheka: "Haya mama, kitafute sasa!"

Kwa hiyo duka halina kosa, na mimi sina kosa. Rangi imelingana na kipande. Kama hailingani na ukuta, basi kipande ndicho hakilingani na ukuta, na hilo ni jambo geni kidogo, au siyo? Kipande cha ukuta kisicholingana na ukuta!

Ulikikata wapi?

Usinipigie simu. Kwenye simu unacheka, na ukicheka nasahau nilichokuwa nakigombania. Andika.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Shikamoo. Naona barua yako haikuniachia hata nafasi ya kukuamkia, kwa hiyo nimejichukulia mwenyewe.

Unajua kazi yangu. Kutwa nakaa kando ya watu ninaowafundisha udereva, wanaokanyaga mafuta pale wanapotakiwa kukanyaga breki. Nikisoma barua zako najiona sijatoka kazini.

Kipande nilikikata chini, upande wa dirisha, mahali pasipoonekana. Ndiyo hivyo tu. Hakuna siri. Fundi rangi alipaka mkanda mmoja kando ya karatasi, tukasubiri ukauke, tukarudi nyuma kuangalia. Dada, ungekuwepo ungecheka. Ukuta wa mama ni rangi ya tango lililomenywa. Mkanda wetu ni rangi ya ganda lake. Fundi akaweka brashi chini, akauliza kwa sauti ya matanga: "Mzee, hapa nani amefariki?"

Sasa tufanye hivi. Nitakutumia kipande kingine kwa ajili ya kuta, nikishapata nafasi. Halafu naomba uniletee na kopo dogo la rangi ya mafuta. Hilo liwe rangi ileile ya kwanza, ya ganda, usibadilishe kitu.

Mama mwambie asiwe na haraka. Chumba kina vumbi, na vumbi si zuri kwa macho yake. Asije mpaka niseme.

Watoto wanakusalimu. Mdogo anauliza kama shangazi bado anagombana na serikali au sasa amehamia kwa baba.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu nimepokea. Mengine yote nayarudisha kama ulivyorudisha ndoo.

Umesema ulikata upande wa dirisha. Nilikuwa najiandaa kukuamini, nikakumbuka kwamba chumba kile nilikuwa nikikifagia mimi tangu utotoni mpaka nilipoolewa. Jua la asubuhi huingia dirishani likapiga ukuta wa karatasi moja kwa moja, na upande wa dirisha ndio hupigwa zaidi. Pale karatasi imepauka hadi majani yake hayaonekani vizuri. Wewe mwenyewe umesema: tango lililomenywa. Mimi nilipewa ganda! Karatasi yenye rangi ya ganda, mbichi kama ilivyotoka dukani, inapatikana mahali pamoja tu katika chumba kile, na mahali hapo ni nyuma ya kabati. Jua halijawahi kupaona.

Na kabati lile ni la milango mitatu, la mbao za kweli. Baba na majirani walilisukuma huku wakitaja majina ya watakatifu wao wote. Mtu halisogezi kwa ajili ya kukata kipande cha karatasi ukubwa wa kiganja. Mtu hulisogeza kwa sababu anataka kilicho nyuma yake.

Nyuma yake kuna mlango.

Ulidhani nimesahau? Mlango wa kutokea kando ya nyumba, moja kwa moja hadi barabarani. Baba aliupigilia misumari wakati ule wa wezi, akaufunika kwa kabati. Sasa niambie, mlango wa nje kwenye chumba cha kulala unamfaa nani? Mama ana mlango, mlango wa nyumba yake. Anayehitaji mlango wake mwenyewe ni mtu asiye wa nyumba hiyo. Kwa lugha nyepesi, mpangaji.

Na hilo kopo la rangi ya mafuta! Rangi uliyoikataa kwa matusi kwenye ndoo, sasa unaiomba kwa adabu kwenye kopo. Ukuta wa chumba cha kulala hupakwa rangi ya maji. Rangi ya mafuta ni ya mbao na chuma, vitu vya kupigwa na mvua. Mbao zipi, mdogo wangu? Mvua ipi, chumbani?

Nimeuliza. Yule mshona viatu wa ng'ambo ya barabara yenu, ambaye Mungu amemjalia kazi ya kukaa na kutazama, amenipa habari kwa simu. Seremala ameingia kwenu na fremu. Ametoka bila fremu. Baada yake ameonekana kaka wa mkeo, yule tunayemwita Mhandisi ingawa hajawahi kuunda hata kiti, akisimama kando ya nyumba, akipima kwa macho. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Unamtoa mama chumbani mwake ukampe Mhandisi. Ndiyo maana mama "asiwe na haraka". Ndiyo maana "asije mpaka niseme". Mama mwenye nyumba anasubiri ruhusa ya kuingia nyumbani!

Nimemsomea mama barua yako na yangu. Aliuliza jambo moja tu: "Kabati wameliweka upande gani?" Halafu akaomba chai. Sijui kama ni mshtuko au ni umri. Mimi sijanywa kitu.

Nijibu: mlango umefunguliwa au haujafunguliwa?

Dada yako


20 Juni

Dada,

Mlango umefunguliwa.

Haya, umefurahi? Kabati limesogezwa, misumari imeng'olewa, fremu mpya imewekwa maana ya zamani ilishaliwa na mchwa. Kipande nilikikata nyuma ya kabati, kando ya fremu. Nilikudanganya kuhusu dirisha na nilidanganya vibaya, kama nilivyokuwa nikidanganya nikiwa mdogo na wewe ukinikamata kabla sijamaliza sentensi.

Lakini chumba hapewi Mhandisi. Alikuja kuazima ngazi. Kutikisa kichwa ndiyo kazi yake, hata msibani hutikisa kichwa.

Kwa nini mlango umefunguliwa, siwezi kukuambia. Nimempa mtu neno langu. Unaweza kuniita unavyotaka, neno sitalivunja.

Na kwa kuwa ni siku ya kuulizana, na mimi niulize. Ulisema mama atakaa kwako mpaka bandeji zitoke. Bandeji zilitoka zamani. Ukasema mpaka miwani. Miwani anayo. Ukasema mpaka rangi. Ndiyo, alitaka rangi, lakini je, alitaka kukaa huko mpaka ikauke? Kila nikitaka kuongea naye kwa simu wewe ndiye unayepokea. "Mama amepumzika." Mama yetu huyu, aliyekuwa akiamka kabla ya majogoo, siku hizi amepumzika asubuhi, mchana na jioni?

Makala yako ya mwezi uliopita niliisoma. Ile ya watoto wanaowageuza wazazi wao kuwa wageni katika nyumba walizojenga wenyewe. Hukunitaja. Hukuwa na haja. Pale kazini waliisoma kwa sauti, halafu wakaniangalia mmoja mmoja. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, tukiwa kwenye mzunguko wa magari, kama mama hajambo. Nusura atugonge.

Nilipoisoma nilijiuliza: bila mama kuwa kwake, dada angeandika nini? Kwangu eti mama ni mgeni. Kwako, dada, mama ni mada.

Nimemtumia mama bahasha. Ina jina lake, si lako.

Mdogo wako


22 Juni

Wifi yangu,

Habari za huko. Mimi si mtu wa kuandika, nitaandika kama ninavyosema.

Nimeona barua zako mezani, mume wangu hawezi kuzificha, anaziweka chini ya redio. Wifi, kaka yangu ana kwake. Hana haja ya chumba cha mtu. Umemtukana bure, na mkono wake mmoja una kidonda kwa kusaidia kulisogeza hilo kabati lenu la watakatifu.

Lakini sikuandika kwa hilo. Nimeandika kwa sababu na mimi sielewi. Nimemuuliza mume wangu mlango wa nini, ananiambia, "Utajua." Ndoa yetu yote hajawahi kuwa na siri, hata zawadi hutoboa kabla ya siku yake. Kwa hiyo nikawaza: ameambiwa na nani? Nikaona ni wewe. Nikaona mnagombana kwenye karatasi ili nisione mlichokubaliana. Mnataka mama awe na mlango wake kando, kama mtu baki, halafu kesho watu waseme mkwewe amemtoa sebuleni, amempeleka mlango wa uani. Wewe utaliandika gazetini na mimi nitazomewa sokoni.

Mimi mama nampenda, wifi. Simwachi mpweke hata kidogo. Kwa siku naingia chumbani kwake mara kumi, hata kama sina ninalotaka. Meza ya kupigia pasi iko mle, friji dogo liko mle, watoto wanafanyia mle kazi zao za shule kwa kuwa kuna mwanga mzuri. Hatujamwekea hata komeo, ili asijisikie amefungiwa. Wakija wageni tunawaambia, "Msijali, ni mama anapita tu," naye anapita, anatabasamu. Sasa akiwa na mlango wake atakuwa anapita wapi? Nani atajua ametoka saa ngapi, ameingia saa ngapi?

Kama ni wewe uliyeagiza mlango huo, niambie mwanamke kwa mwanamke.

Wifi yako


27 Juni

Mdogo wangu,

Mkeo ameniandikia. Anadhani mlango nimeuagiza mimi. Ama mmepanga aseme hivyo, ama kweli hajui, na kama hajui basi hali ni mbaya kuliko nilivyofikiri: unamficha hata anayelala kando yako. Huyo "mtu" uliyempa neno lako ni nani? Dalali?

Bahasha uliyomwandikia mama imefika. Nimeifungua. Usianze kupiga kelele. Macho ya mama hayajazoea miwani, barua zake zote huzisoma mimi. Ndani sikukuta barua. Nimekuta ukanda wa karatasi ya ukutani, uliopauka, rangi ya tango lililomenywa, bila hata neno moja. Nimeugeuza mbele na nyuma. Nimeupandisha kwenye taa. Mtu anamtumia mama yake kipande cha ukuta bila salamu? Hiyo ni ishara, na ishara hutumwa na watu wenye la kuficha. Nadhani ulitaka aushike, aulilie, kisha akubali lolote utakalomtaka akubali. Hutafanikiwa. Uko mezani kwangu, pamoja na kipande cha kwanza, na hapo utakaa. Ni ushahidi.

Kuhusu mama kuwa mada: nimelimeza hilo, ila limenikwama. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemchagulia nguo, nimekaa naye kwa kila daktari. Sikusikia ukiomba zamu.

Sasa nakata maneno. Nimeandika makala. Inaitwa "Mpangaji Katika Chumba cha Mama". Safari hii sitamung'unya: nimemtaja mwalimu wa udereva, nimeutaja mlango, nimeitaja rangi ya mafuta. Mhariri anaisubiri Jumapili. Ukitaka isitoke, fanya mambo mawili. Pigilia mlango misumari kama baba alivyoupigilia. Kisha rudisha kabati mahali pake, mshona viatu alione na aniambie.

Mama nitamleta mimi mwenyewe, siku nitakayoona inafaa.

Dada yako


1 Julai

Wanangu wawili, wewe wa hapa na wewe wa kule,

"Macho ya mama hayajazoea miwani."

Nimeyasoma hayo, mwanangu wa kike, katika nakala ya barua uliyoiacha mezani kwako, nikiwa na miwani hiyohiyo. Herufi zako ni ndogo kama chawa na nimezisoma zote. Kwa hiyo neno hilo tulizike leo. Naona. Naona kuliko nilivyoona kwa miaka mingi. Nimeona kwamba kuta za jikoni kwako, ulizoniambia ni nyeupe, kweli ni nyeupe. Mimi nilizidhania za rangi ya siagi na sikutaka kukuaibisha.

Ulikwenda kazini, nikaingia kwenye chumba chako cha kuandikia. Sikubisha hodi. Nilitaka nione watu hujisikiaje wakifanya hivyo, maana nimekuwa nikifanyiwa tu. Nikakuta bahasha yenye jina langu, imefunguliwa. Nikakuta vipande vyangu viwili. Nikakuta na makala. Nimeisoma mpaka mwisho. Umeandika vizuri, mwanangu, sentensi zako zimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Ila nguo zote ulizoanika ni za watu wengine.

Mtu aliyepewa neno ni mimi.

Mlango nimeuagiza mimi, siku moja kabla ya kuja huku, tukiwa peke yetu kwenye gari la mdogo wako. Nilimwambia asikuambie wewe, kwa kuwa ungeandika. Nilimwambia asimwambie mkewe, kwa kuwa angelia, na nikimwona analia mimi hubadili mawazo. Mpangaji mnayemtafuta ni mimi. Nataka kuwa mpangaji. Mpangaji hubishiwa hodi.

Na suala la rangi, lililowafanya mtoane roho, lilikuwa rahisi. Nilimwambia mdogo wako akate vipande viwili. Kimoja nyuma ya kabati, kwa ajili ya mlango, kwa sababu ile ndiyo rangi niliyoichagua siku nilipoingia dukani mwenyewe, nikiwa msichana mwenye nyumba mpya. Kingine kando ya dirisha, kwa ajili ya kuta, kwa sababu kuta nataka ziwe kama karatasi ilivyo leo, tulingane, hakuna kati yetu atakayejifanya mbichi. Yeye akaona karatasi ni moja, basi na rangi ni moja, akakata kimoja. Huo ndio uhalifu wake wote. Uvivu. Alipogundua, alinitumia cha pili ili nikihakiki kwa macho yangu. Kikalala mezani kwako chini ya taa, kikichunguzwa kama mwizi.

Wewe wa kule, usicheke. Najua unacheka. Kwako nilikuwa na chumba kisicho na komeo, chenye friji lisilo langu. Mkeo ana moyo mzuri, na moyo huo huingia mara kumi kwa siku nikiwa nusu uchi, ukitafuta pasi. Nimekuwa nikipita sebuleni kwenu nikitabasamu hadi mashavu yananiuma. Kwenda dukani kununua sindano lazima nipite mbele ya wageni, televisheni na maswali matatu. Hukuwahi kuona. Nilipokuomba mlango, ulishangaa. Lakini uliufungua, na neno ulilitunza mbele ya dada yako, na mtu aliyeweza hilo anaweza mengi.

Wewe wa hapa, umenitunza kama yai. Sijasahau hata kijiko kimoja. Lakini siku ile daktari alipoonyesha ubao wa herufi akaniuliza naona nini, ulinijibia wewe! Ulimsomea herufi mpaka mstari wa mwisho. Mtu wa watu, akaandika. Nilicheka moyoni, halafu nikaogopa. Nikaona nikikaa hapa mwaka mmoja, nitakuwa sina tena la kusema ambalo hujalisema.

Waraka huu nimeunakili mara mbili kwa mkono wangu, kila mmoja apate wake asimsomee mwenzake. Sitaki majibu. Nataka haya yafanyike.

Wewe wa hapa: makala usiipeleke. Ukitaka kuandika kuhusu milango, andika kuhusu wako. Kisha leo hii nenda dukani na vipande vyote viwili. Ndoo moja ya rangi ya maji kwa kile kilichopauka, kopo moja la rangi ya mafuta kwa kile kibichi. Ile ndoo ya kwanza, ya ganda, usiirudishe tena huko wala usiitupe. Paka nayo chumba chako cha kuandikia, kinahitaji. Ukimaliza, nikatie tiketi. Ya kwangu peke yangu.

Wewe wa kule: friji litoke. Meza ya pasi itoke. Watoto wafanyie kazi zao mezani kwenu, wakitaka kuja kwangu waje kunitembelea. Kabati libaki liliposogezwa, na mlango wa kuingilia sebuleni uwekewe komeo upande wangu. Mwambie mkeo kwamba sikumkimbia, na kwamba sindano nitakuwa namnunulia na yeye. Mwombe radhi shemeji yako kwa niaba ya dada yako. Yeye hataomba, namjua, nilimzaa.

Na kitasa cha mlango mpya. Muuza vitasa atawapa funguo tatu, maana ndivyo zinavyokuja. Mmoja nitauweka mimi. Mbili nyingine zitupwe chooni, wewe wa kule ukiwa unaangalia, na mshona viatu aalikwe ashuhudie, ampe dada yako habari.

Nikishaingia, mtakuja. Nitapika, na kuta mtaziona. Mtasimama nje wote wawili mbele ya mlango wa kijani, mtabisha hodi kama watu waliolelewa na mimi.

Na mkishabisha, subirini.

Mama yenu